Mikono ya Nyuma ya Gari: Sababu za Kuchakaa Kwake na Namna ya Kuibadilisha Nyumbani

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kuelekea Geita huvuka, kwa siku moja, udongo wa namna nyingi kuliko anavyotambua. Juu ya miinuko yenye majabali ya matale hupita katika mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Chini ya mteremko hukuta itogolo, udongo mgumu usiopenywa na maji kwa urahisi. Bondeni hukuta mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Mfuatano wa namna hii, kutoka kileleni hadi bondeni, ulipewa jina la katena mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Mbele zaidi, katika ukanda wa dhahabu, ardhi hugeuka kuwa nyekundu yenye changarawe, na ndani yake mna mishipa ya mawe meupe ya kwazi ambayo wachimbaji wa Nyarugusu na Rwamgasa huifuata chini ya ardhi.

Gari lipitalo njia hizo hutahiniwa na kila aina ya udongo kwa namna yake. Mchanga huficha mashimo, mbuga iliyokauka hubaki na mifereji ya magurudumu iliyo migumu kama saruji, na changarawe nyekundu hujikunja kuwa matuta madogo yaliyofuatana mfano wa bati la nyumba. Katika gari kipo kiungo kinachopokea mitihani hiyo yote na ambacho mwenye gari hukikumbuka mwisho kabisa: mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu la nyuma na mwili wa gari.

Magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani kwa miaka mingi ndiyo yanayobeba walimu kwenda kusimamia mitihani, wagonjwa kwenda hospitali, mahindi kwenda sokoni, na huko machimboni hubeba hata viroba vya mawe yaendayo kwenye makarasha. Kwa hiyo si jambo dogo kujua kama gurudumu la nyuma linakwenda linakotakiwa kwenda.

Kazi ya mikono

Land Rover za zamani, zile zilizojulikana sana nchini kabla na baada ya Uhuru, hazikuwa na mikono ya nyuma hata kidogo. Springi zake zilikuwa za majani, vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, navyo vilifanya kazi mbili kwa pamoja: kubeba uzito na kuushika mhimili usisogee mbele, nyuma wala kando. Ubaya wake ni kwamba abiria alihisi kila jiwe. Ilipotolewa Land Rover 110 mwaka 1983, springi zake zilikuwa za mzunguko. Springi ya namna hiyo ni laini na hubeba uzito vizuri, lakini haiwezi kuongoza kitu. Ukiisukuma ubavuni huinama. Ndipo ilipobidi mhimili ushikwe kwa mikono.

Peugeot 504 ya saluni, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, ilikwenda mbali zaidi: kila gurudumu la nyuma lilikuwa na mkono wake mpana, hivyo gurudumu la kulia liliweza kupanda jiwe bila kulisumbua la kushoto. Nazo Corolla za saluni zilizotengenezwa katika miaka ya 1990, ambazo tutazitumia kuwa mfano wetu kwa sababu zimeenea, zina mikono mitatu kila upande. Miwili imelala kukingama gari, mmoja mbele ya mwingine, nayo huzuia gurudumu lisiende kando. Wa tatu umelala kuelekea mbele, nao huzuia gurudumu lisirudi nyuma linapogonga shimo. Kupanda na kushuka ndiyo ruhusa pekee iliyobaki.

Mwisho wa kila mkono pana tundu, na ndani ya tundu pana bushi. Bushi hii ni mrija wa chuma ndani ya mrija mwingine wa chuma, na katikati yake umegandishwa mpira. Bolti hupita katika mrija wa ndani na kuubana kabisa kwenye mwili wa gari. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulidhania vingine. Mkono unapopanda na kushuka, hakuna kitu kinachoteleza ndani ya bushi. Mrija wa ndani umetulia, mrija wa nje unazunguka kidogo, na mpira ulio katikati unasokotwa kisha unajirudi. Hauhitaji grisi, kwa kuwa hakuna msuguano wa chuma kwa chuma.

Mpira na uchovu wake

Mpira wa asili, kama utokavyo mtini, ungekuwa haufai kwa kazi hii. Hulainika kwa joto na kuwa mgumu kwa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa joto hubadilika tabia: hupata uwezo wa kurudi katika umbo lake, katika joto na katika baridi. Maelezo yake twayafahamu leo. Molekuli za mpira ni nyuzi ndefu mno zilizojikunjakunja. Salfa hujenga madaraja kati ya uzi mmoja na mwingine, hivyo nyuzi zaweza kunyooka lakini haziwezi kuachana.

Hata hivyo mpira haurudishi nguvu yote uliyoupa. Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha hili kwa vifaa vichache. Kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 30. Uning'inize, kisha ongeza mawe ya mizani ya gramu 100, moja baada ya jingine, mpaka kumi, ukiandika urefu kila mara. Halafu yaondoe moja moja, ukiandika tena. Wanafunzi wataona kwamba kwa uzito uleule, utepe ni mrefu zaidi wakati wa kupunguza kuliko wakati wa kuongeza. Wakichora grafu mbili katika karatasi moja, eneo lililo kati yake ndiyo nishati iliyopotea. Imekwenda wapi? Imekuwa joto. Mwingereza John Gough, ambaye alikuwa kipofu, aliandika mwaka 1805 kwamba mpira ukivutwa ghafla na kugusishwa midomoni huhisika kuwa na joto. Mwanafunzi yeyote mwenye kipande cha mpira aweza kulihakikisha hilo sasa hivi, pale alipoketi.

Kupotea huku kwa nishati kuna faida yake, maana ndiko kunakotuliza mitetemo isifike kwenye kiti. Lakini joto, hewa ya oksijeni na ozoni huzikata nyuzi na madaraja yale kidogo kidogo, na kila msokoto huongeza ufa mdogo. Tukokotoe. Chukua barabara ya changarawe ambayo umbali kati ya tuta na tuta ni mita 0.7. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, ambazo ni karibu mita 16.7 kwa sekunde, kila gurudumu hugonga matuta yapatayo 24 kwa sekunde. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 85,000. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni mara 12 kwa sekunde, na hapa ndipo gari hutikisika vibaya kuliko pote, kwa sababu gurudumu lenyewe, likiwa kati ya springi na tairi, hupenda kudunda kwa kadiri hiyohiyo. Madereva wamelijua hili kwa uzoefu, na dawa yao ni kuongeza mwendo mpaka gari "lielee" juu ya matuta. Kiti hutulia kweli. Tairi, kwa upande wake, hukaa hewani sehemu kubwa ya safari, na breki ya gurudumu lililo hewani haina maana yoyote.

Matuta yenyewe hayatokani na uvivu wa mafundi wa barabara. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha katika maabara kwamba gurudumu lililoburutwa juu ya mchanga mkavu hujenga matuta lenyewe mara linapopita mwendo fulani, hata likiwa halina springi.

Dalili

Bushi iliyokatika haipigi kelele nyingi mwanzoni. Dalili ya kwanza huonekana kwenye tairi: upande mmoja wa tairi la nyuma hulika upesi, na ukipapasa meno yake kwa kiganja wayahisi makali upande mmoja kama tupa. Baadaye husikika mgongano mzito nyuma gari linapopita shimo. Dalili ya hatari zaidi ni pale dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta au kufunga breki, akahisi sehemu ya nyuma inajipinda yenyewe kana kwamba kuna mtu mwingine anayeshika usukani wa pili.

Fikra hiyo si mbali na ukweli. Tuchukulie kwamba mikono miwili inayokingama imeachana kwa sentimita 20 mahali inaposhika gurudumu, na kwamba bushi ya mmoja imelegea kwa milimita 2 tu. Gurudumu litageuka kwa pembe ya 2 kwa 200, yaani radiani 0.01, ambayo ni kama nyuzi 0.6. Jicho haliwezi kuiona. Lakini kwa kila mita 100 ambazo gari linakwenda mbele, gurudumu hilo linataka kwenda mita 1 kando. Likiwa limezuiwa na wenzake, huburutwa. Katika kilomita 100 ni sawa na kuburutwa ubavu kwa kilomita 1 nzima, na mwenye gari hushangaa kwa nini tairi jipya halikumaliza mwaka.

Kupima ni rahisi. Gari likiwa limeegemezwa salama, ingiza chuma kirefu kati ya mkono na kishikizo chake, ukikandamize kama wenzo. Mpira mzima hukubali kidogo na kurudi. Mpira uliokufa huacha mkono ucheze, au huonyesha ufa uzungukao mrija wa ndani.

Bushi ya katambuga

Katika miji yetu yote wapo mafundi wanaochonga bushi kutoka tairi kuukuu, mpira uleule unaotoa katambuga. Hatuna sababu ya kuwadharau. Wamewafikisha wengi nyumbani. Ila yafaa kueleza kasoro ya bushi hiyo kisayansi. Mpira wake haukugandishwa kwenye mrija, umeshindiliwa tu. Mkono unaposogea, mpira hauusokoti ila huteleza, na penye kuteleza huingia vumbi. Vumbi la ukanda wa dhahabu lina kwazi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kuliko chuma cha kawaida. Basi bushi huwa jiwe la kunolea, nalo hula mrija, kisha bolti. Tena tairi lina nyuzi na wakati mwingine waya ndani yake, hivyo mpira wake hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Itumike kufika gereji, isitumike mwaka mzima.

Kosa jingine lililoenea ni kupaka grisi au oili chafu ili bushi iache kulia. Mafuta ya petroli na jamii yake huingia ndani ya mpira wa asili, huuvimbisha na kuulainisha mpaka umeguke. Kwa hiyo shokapu inayovuja juu ya bushi hapana budi ibadilishwe pia. Wakati wa kushindilia bushi mpya tumia maji ya sabuni.

Je, ununue bushi tupu au mkono mzima? Bushi tupu ni rahisi, lakini kuitoa ya zamani na kuingiza mpya kwahitaji jiliwa kubwa au mashine ya kushindilia, na mkono uliopigwapigwa kwa nyundo huharibika tundu. Ikiwa mkono una kutu iliyotoboa au umepinda, hakuna la kujadili. Rai yangu ni kwamba mtu afanyaye kazi nyumbani, asiye na mashine, anunue mkono mzima, na abadilishe pande zote mbili kwa pamoja.

Kazi yenyewe

Chagua mahali tambarare na pagumu. Uzito unaoangukia gurudumu moja la nyuma la gari dogo ni kama kilo 250, yaani karibu newtoni 2,500. Jeki yenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 huugandamiza udongo kwa paskali 250,000. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, na mgandamizo hushuka kuwa chini ya paskali 16,000. Juu ya luseni ubao huo ndio tofauti kati ya jeki iliyosimama na jeki iliyozama. Juu ya mbuga iliyolowa usifanye kazi hii kabisa.

Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Breki ya mkono haitakusaidia, maana hushika magurudumu ya nyuma, nayo yatakuwa hewani. Kabla ya kuinua gari, pima kwa futi umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Tuseme umepata sentimita 36. Iandike namba hiyo, tutaihitaji.

Gari likiisha kuinuliwa, liegemeze juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyokatwa bapa. Matofali ya kuchoma na ya saruji yasitumike: hustahimili mgandamizo uliosambaa, lakini hupasuka ghafla yakibanwa mahali padogo, bila onyo. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi liwe akiba ya mwisho. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata kwa dakika moja. Watu wamekufa kwa dakika hiyo.

Katika Corolla hii springi imefungwa pamoja na shokapu, hivyo kuondoa mikono hakuiachilii. Katika Peugeot 504 na katika Land Rover za springi za mzunguko mambo ni mengine, kwa kuwa springi hukalia mkono au mhimili. Springi yenye ugumu wa newtoni 20,000 kwa mita, iliyobanwa sentimita 15, ina nishati ya jouli 225, sawa na jiwe la kilo 22 na nusu lililoanguka kutoka kimo cha mita 1. Hapo mkono au mhimili ushikiliwe kwa jeki ya pili na kushushwa polepole.

Nati zenye kutu zisafishwe kwa brashi ya waya, zilowekwe mafuta mepesi usiku kucha. Spana ya sentimita 30 ikikandamizwa kwa newtoni 300 hutoa momenti ya newtoni-mita 90. Ongeza bomba mpaka urefu uwe mita 1, nguvu ileile itatoa 300. Wenzo huo hufungua nati, na pia huvunja bolti, basi kandamiza taratibu ukisikiliza. Mara nyingi bolti imeshikana na mrija wa ndani wa bushi kiasi cha kukataa kutoka, hasa katika magari yaliyotoka sehemu za Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji. Huenda ikalazimu kukata. Nunua bolti mpya kabla hujaanza, zenye daraja lilelile la ugumu. Bolti ya kawaida ya dukani haifai hapa.

Katika aina nyingi bolti ya ndani ya mmoja wa mikono ina washa ambayo kitovu chake hakiko katikati, na ndiyo inayorekebisha pembe ya gurudumu. Kabla ya kuilegeza, ichore alama kwa tindo pamoja na kishikizo chake. Kisha toa mkono mmoja, weka mpya, halafu uende kwa mwingine. Ukitoa yote kwa mpigo gurudumu litakuhangaisha.

Sasa twafika kwenye hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha kazi ya miaka mingi na kazi ya miezi michache. Usikaze bolti za bushi gurudumu likiwa linaning'inia. Kumbuka kwamba bolti huubana mrija wa ndani. Mkono wa urefu wa sentimita 40, ukiwa umeshuka sentimita 10, umeinama kwa pembe ambayo saini yake ni 0.25, yaani zaidi ya nyuzi 14. Ukikaza hapo, unauambia mpira kwamba hiyo ndiyo hali yake ya kupumzika. Gari likishuka chini, mpira husokotwa nyuzi 14 hata likiwa limeegeshwa usiku kucha, na kila tuta huongeza juu ya hizo. Hupasuka mapema, na muuzaji wa vipuri ndiye anayelaumiwa.

Basi ingiza bolti zote na zifunge kwa mkono tu. Weka jeki chini ya kishikio cha gurudumu, inua mpaka umbali ule wa kutoka kitovu hadi ukingo wa bodi uwe tena sentimita 36, stendi zikiwa bado mahali pake. Hapo kaza kwa momenti iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako.

Uzi wa mwashi

Washa yenye alama ikirudishwa mahali pake, gurudumu hukaribia pembe yake ya zamani, lakini pembe ya zamani yaweza kuwa haikuwa sahihi. Funga uzi wa mwashi kwenye vigingi viwili kila upande, katika kimo cha vitovu vya magurudumu, nyuzi mbili ziwe sambamba na zenye umbali sawa kutoka vitovu vya kulia na kushoto. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, kisha ukingo wake wa nyuma. Tofauti ya milimita 1 au 2, sehemu ya mbele ikiwa imeingia ndani kidogo, si ya kutisha. Tofauti ya milimita 5, au upande mmoja kutoka nje, irekebishwe kwa ile washa. Kipimo cha gereji yenye mashine kinabaki kuwa bora. Uzi unakufikisha huko bila kuharibu tairi.

Nati za gurudumu zikazwe kwa kukingamisha, kisha zijaribiwe tena, pamoja na bolti za mikono, baada ya kilomita 100 hivi.

Bushi kuukuu usiitupe. Ibane katika jiliwa, ikate kwa msumeno wa chuma kutoka upande mmoja hadi wa pili, na uipeleke darasani. Mara nyingi upande mmoja mpira huonekana mwembamba kuliko upande wa pili, na ndani ya nyufa zake mna vumbi jekundu. Chini ya darubini ya maabara ya shule, chembe za kwazi katika vumbi hilo hung'aa kama vipande vya kioo.